Nyundo Kabla ya Mwiko

Nyumba mpya hujengwa kwa kuongeza. Kozi hupandishwa juu ya kozi mpaka linta, kisha kenchi, kisha bati. Nyumba iliyoungua haianzi hivyo. Fundi anafika penye kuta zilizojengwa na mtu mwingine, moto umezipitia, maji ya kuzimia yamezilowesha, na kabla hajashika mwiko anatakiwa aamue kipi kiendelee kusimama na kipi kishuke. Mafundi wanaoweza kuamua hivyo kwa haki ni wachache kuliko wanaoweza kujenga, nami nawaheshimu mno.

Mabaki ya namna hiyo huuzwa. Dalali atakwambia kuna boma, limeungua paa tu, mwenyewe anataka kuliachia. Bei huwa karibu na ya kiwanja kitupu. Mnunuzi anaona msingi, jamvi na kuta zilizokwisha kusimama, anapiga hesabu ya saruji na matofali aliyookoa, roho inamtulia. Huenda hesabu yake ni sahihi. Huenda pia ananunua kifusi ambacho atalipia malori kukiondoa kabla hajachimba msingi mwingine, na hapo kiwanja kitupu kingemfaa zaidi. Kwa kutazama kutoka barabarani huwezi kuzitofautisha nyumba hizo mbili, kwa sababu zote ni nyeusi na zote hazina paa.

Kabla ya kufika kwenye kuta kuna jambo la adabu. Anayeuza ni mtu aliyefikwa. Pengine alitoka na nguo alizovaa, pengine alipoteza zaidi ya mali. Anayekuja kununua hutoa pole kwanza, ndipo aulize hati. Na hati yenyewe huenda ilikuwa kabatini na imeungua na kabati lake, kwa hiyo ukweli utatafutwa kwenye ofisi ya ardhi, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa majirani wa pande zote nne na kwa ndugu wote wenye haki katika nyumba ile. Taarifa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iombwe pia, maana nyumba ambayo chanzo cha moto wake bado kinachunguzwa haijawa tayari kuuzwa. Kumpunja mtu aliyeunguliwa ni aibu, wala mnunuzi hapati faida kwayo: ndugu aliyerukwa kwenye mauzo hurudi na kesi siku bati limekwisha kupigwa.

Shangazi yangu alinunua nyumba kama hii Tanga, vyumba vinne vya matofali ya inchi sita na jiko kwa nyuma. Masika yalikuwa yanakaribia na yeye alikuwa na haraka ya paa.

“Tuanze kupaua, fundi?”

“Bado, mama. Nyumba hii hatujaijua.”

“Utaijuaje, nawe hukuwapo ikiungua?”

“Vyombo vya jikoni vitatuambia.”

Fundi huyo alikuwa mtu mzima, mwashi wa siku nyingi, na amri yake ya kwanza ilikuwa kuwazuia vibarua wasitoe majivu. Chepe na toroli vilikuwa tayari mlangoni. Akawaambia wakae. Akaingia chumba kimoja kimoja, akawa anainama, anaokota, anageuza, anarudisha kitu palepale alipokitoa. Wenye haraka waliona anapoteza muda. Mimi nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anasoma joto.

Kila kitu kilichobaki katika majivu ni kipimo. Sufuria ya aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660. Shaba ya waya za umeme haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Ukikuta sufuria imekuwa donge sakafuni na waya wa shaba juu ya ukuta bado mzima, umejua moto wa chumba hicho ulipita 660 na haukufika 1,085. Zinki inayopakwa juu ya bati huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na bati lililoivuka hali hiyo huvaa kutu nyekundu mvua ya kwanza ikilinyeshea. Kioo cha dirisha kilichopasuka kwa kingo kali kinaeleza habari moja, na kioo kilicholegea kikatiririka kwenye fremu kinaeleza nyingine, kali zaidi. Waya wa shaba wenye kishanga cha duara kwenye ncha, huku sehemu yake nyingine ikiwa nzima, ni waya uliopiga shoti. Hapo fundi husimama na kumwita mtu wa umeme, kwa sababu huenda ndipo yote yalipoanzia.

Vipimo hivyo havisomwi bila kujua kitu kilikuwa kimo gani. Joto la moto wa chumbani hujikusanya juu, chini ya dari, na sakafu hubaki na nafuu. Ndiyo maana msingi, uliofunikwa na udongo, huwa salama mara nyingi, na jamvi huumia kwa viraka tu, pale kenchi zilipoangukia na kuendelea kuwaka. Inayopigwa kuliko vyote ni linta. Imekaa juu ya milango na madirisha, ambako ndimi za moto hutokea nje kutafuta hewa, na imebeba kozi zote zilizo juu yake. Mnunuzi hutazama kuta. Fundi huyu aliingia kila chumba akitazama juu.

Kuna jambo ambalo lilinistaajabisha kuliko yote. Sisi tuliogopa kuta nyeusi. Katika chumba cha uani kulikuwa na sehemu ya ukuta iliyokuwa safi, karibu nyeupe, na shangazi akafurahi kwamba angalau pale moto haukufika. Fundi akatikisa kichwa. Masizi ni moshi ulioganda kwenye ukuta wenye ubaridi kiasi. Ukuta ukipata joto kali la kutosha, masizi yenyewe yanaungua na kutoweka, na lipu inabaki wazi. Ule weupe ulikuwa kitovu cha moto. Kule kwenye weusi tuliokuwa tukiuhurumia ukuta ulikuwa umefukizwa tu.

Baada ya macho ikafuata nyundo. Si nyundo ya kubomolea, bali ndogo, inayoshikwa kwa kulegeza kifundo ili mlio usizimwe na mkono. Anagonga, anasogea shibiri moja, anagonga tena. Zege zima hujibu kwa mlio mkali unaorudi upesi. Zege lililoachana ndani hulia kama mtungi wenye ufa. Kila alipoisikia sauti hiyo alizungushia mstari wa chaki, akaendelea, na jioni linta za nyumba nzima zilikuwa zimechorwa visiwa vya chaki, vingine vidogo kama kiganja, vingine vimeshikana kutoka ukuta hadi ukuta.

Kisha tindo. Anachonga kidogo kwenye kisiwa ili aone rangi. Zege lililotengenezwa kwa mchanga na kokoto zenye madini ya chuma hugeuka na kuwa na wekundu wa waridi likifika nyuzi 300 hivi, na kuanzia hapo nguvu yake haiaminiki. Likizidi 600 hurudi kuwa la kijivu chenye weupe, lenye kumeng'enyeka. Bahati nzuri joto huingia polepole katika zege. Sentimita chache ndani ya uso ulioharibika, mara nyingi rangi hurudi kuwa ile ya kawaida, na fundi hupima kwa kidole umbali kutoka usoni hadi hapo. Swali lake ni moja: je, ule wekundu umeishia kabla ya nondo au umeipita? Lakini si kila kokoto hutoa wekundu huo. Za mawe ya chokaa, ambayo pwani yetu inayo tele, huweza zisibadilike rangi hata zikipata joto lilelile. Fundi anayetegemea rangi peke yake atadanganyika Tanga. Ndiyo maana huyu alianza na masikio.

Chuma nacho kina habari yake. Nondo ikifika kati ya nyuzi 550 na 600 hupoteza karibu nusu ya nguvu yake ikiwa bado ya moto, na hapo linta hulegea na kushuka. Ikipoa, nondo ya kawaida isiyopita joto hilo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo nondo iliyonyooka, iliyofunikwa na zege lake, ina haki ya kusikilizwa kabla ya kukatwa. Iliyopinda na kutoka nje haina utetezi. Chuma pia hurefuka: boriti ya chuma ya mita tano ikipata ongezeko la nyuzi 500 huongezeka sentimita tatu hivi, na sentimita tatu hizo hazina pa kwenda ila kuusukuma ukuta. Timazi ilipoteremshwa kwenye kona ya jiko ilionyesha ukuta umeegemea nje. Moto ulikuwa ndani, lakini dosari ilionekana vizuri zaidi ukisimama uani.

Palipokuwa na ufa, fundi hakuujaza. Alipachika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji, kila upande wa ufa ushike ncha moja, akaandika tarehe kwa mkaa, akaondoka. Kioo kikipasuka, ukuta bado unatembea. Kikibaki kizima, ufa umekwisha safari yake na unaweza kuzibwa. Huu ni utaalamu wa bei ya kioo kilichovunjika, na sijui kifaa kinachoushinda kwa nyumba ya chini.

Kusubiri huko kuna sababu ya kikemia ambayo nadhani kila mnunuzi angeijua asingeharakisha. Nyumba iliyoungua huendelea kuharibika baada ya moto kuzimwa. Zege likivuka nyuzi 400 na zaidi, sehemu ya saruji iliyokwisha kukomaa hupoteza maji yake na kugeuka chokaa mbichi. Kwa siku kadhaa haionyeshi kitu. Unyevu ukirudi, chokaa ile inakunywa maji, inavimba, na zege lililoonekana zima linapasuka vipande. Fundi akaziacha kuta zinyeshewe manyunyu ya kwanza, akarudi na nyundo yake. Visiwa vya chaki vikaongezeka viwili.

Mafundi wa mji wa mawe wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakilifanya kwa makusudi. Chokaa iliyojenga Lamu, Mombasa ya kale na Unguja ilipatikana kwa kupanga magogo, kuweka mawe ya matumbawe juu yake na kuwasha moto mpaka yaive kwenye nyuzi karibu 900, kisha kuyazimua kwa maji. Nyumba ya matumbawe ikiungua, uso wa ukuta huanza safari ileile ya tanuri, na maji ya zimamoto hukamilisha kazi kwa kuuzimua. Unachokwangua kwenye ukuta huo ni unga mweupe. Fundi wa chokaa hukwangua mpaka akutane na jiwe gumu, na kwa kuwa moto wa nyumba haudumu kama wa tanuri, kwa kawaida hukutana nalo mapema. Kuta hizo ni nene, huwa zina mengi ya kubaki nayo. Kosa ni kuzifunika kwa lipu ya saruji. Chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huufungia unyevu ndani, na ukuta uliookoka moto unakuja kuharibiwa na tiba.

Kwenye majengo makubwa uamuzi ni uleule, ila haufanywi na nyundo peke yake. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Wengi tulioona picha zile tulidhani mwisho wake umefika. Halikubomolewa. Lilikarabatiwa, na paa lake la zege linalojulikana mji mzima likaendelea kuwapo, huku jengo jipya likijengwa kando. Katika jengo la ghorofa, fundi mwaminifu humwachia mhandisi nafasi: zege huchorongwa, vipande vyake hupelekwa maabara na kubanwa mpaka vivunjike, ndipo nambari zizungumze. Fundi wa shangazi alisema wazi kwamba kama nyumba ile ingekuwa na ghorofa, yeye angeshika chaki tu na kumsubiri mwenye mashine. Nilimpenda zaidi kwa kauli hiyo.

Kazi ya mikono ilipoanza ilikwenda kwa utaratibu ambao ulinifanya nisahau chai yangu ikapoa. Hakuna linta iliyoguswa kabla ya kusimamishiwa mirunda chini yake, mirunda yenyewe ikakazwa kwa kabari za mbao mpaka uzito wa kozi za juu uhame. Kisha tindo ikafuata mistari ya chaki. Zege bovu likatolewa mpaka nyuma ya nondo, kiasi cha vidole kupita, kwa sababu zege jipya lisiposhika chuma pande zote litakuja kubanduka kama kiraka cha rangi. Nondo zikasuguliwa kwa brashi ya waya. Zilizopinda zikakatwa, mpya zikalazwa juu ya zile nzima kwa urefu usiopungua mara 40 ya unene wao. Nondo ya milimita 12 ilimlalia mwenzake karibu nusu mita. Uso wa zamani ukaloweshwa, ukapakwa uji wa saruji, na zege jipya la kokoto ndogo likashindiliwa kabla uji ule haujakauka. Halafu magunia yenye maji, asubuhi na jioni, wiki nzima. Kijana wake mmoja alitaka kuondoa mirunda mapema. Fundi hakumfokea. Alimpa kazi ya kumwagilia magunia, naye akajifunza kwa kumwagilia.

Ukuta wa jiko uliosukumwa nje ulishushwa mpaka kozi iliyosimama wima kwenye timazi. Hapo mwisho wa ukuta mzima uliachwa na meno, tofali moja limetoka, moja limeingia, ili ukuta mpya ung'ate wa zamani. Ningependa wanaonunua nyumba hizi wayaangalie meno hayo kabla lipu haijayafunika, kwa maana mshono ulionyooka kutoka juu hadi chini ni ufa unaosubiri mwaka wake.

Masizi yana elimu yake, nayo hudharauliwa. Mwenye pupa huleta ndoo na sabuni. Maji yakitangulia, masizi yanapenya ndani ya lipu na hayatoki tena. Hufagiliwa kwanza yakiwa makavu, kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini. Ndipo kuosha, na kuosha huanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakiteremka juu ya ukuta mkavu huacha michirizi ya kudumu. Ukuta ukikauka sawasawa hupakwa rangi ya mafuta ya kufungia, kisha ndipo rangi ya maji. Anayeruka hatua hiyo huona ukuta wake mweupe ukitoa manjano baada ya muda, na siku za unyevu harufu ya moshi hurudi sebuleni. Moshi wa mabomba na waya za plastiki una tindikali, kwa hiyo bawaba, komeo na misumari ambayo moto haukuigusa kabisa huota kutu. Vyote hivyo vilibadilishwa, na waya zote za umeme zikatolewa hata katika chumba ambacho dari lilibaki, kwa kuwa ganda la waya lililopashwa joto ndani ya bomba halionekani lilivyopasuka.

Mbao zilihukumiwa tofauti na nilivyotarajia. Moto hula mbao kwa mwendo wa milimita 0.7 hivi kwa dakika. Mbao ya kenchi ya mbili kwa nne, yenye unene wa sentimita tano, ikiliwa pande zote mbili kwa nusu saa hubakiwa na kisu chembamba katikati. Hakuna cha kuokoa. Lakini fremu za milango zilikuwa za mninga, nene, na weusi wake ulikuwa juu juu. Mkaa wenyewe huikinga mbao iliyo chini yake. Seremala akapitisha randa mara kadhaa, weusi ukaanguka, na mninga ukatokea na mistari yake. Fremu mbili zilirudi mahali pake zikiwa nyembamba kidogo kuliko zilivyozaliwa.

Naomba niseme jambo juu ya malipo. Mwashi hulipwa kwa tofali au kwa kazi iliyokamilika. Hakuna anayemlipa kwa linta aliyoigonga, akaisikiliza na kuiacha ilivyo, ingawa hapo ndipo alipomwokolea mwenye nyumba fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Fundi anayelipwa kwa anachojenga tu ana kishawishi cha kubomoa. Siku za ukaguzi zihesabiwe na zilipwe, hata kama mwisho wake ni fundi kusema usinunue.

Kupaua kulikuja mwisho, shangazi akidhani sasa mambo ni ya kawaida. Fundi akaomba matofali zaidi. Katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani huishia kwenye linta. Juu ya dari ni uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Alama za moto zilionyesha ndiyo njia uliyoipita: ulipanda kutoka jikoni, ukatambaa juu ya dari, ukashukia vyumbani ambako milango ilikuwa imefungwa. Akaupandisha ukuta wa kati ya jiko na vyumba, kozi kwa kozi, ukifuata mteremko wa paa. Mwenye nyumba akauliza kama gharama hiyo ina haja, na mtungi wa gesi umekwisha kuhamishiwa nje kwenye kibanda cha wavu. Fundi akamwonyesha kwa kidole michirizi iliyobaki juu ya ukuta wa zamani, akaendelea kujenga. Bati lilipofika, aliacha kijana afunge parafujo, yeye akapanda na karai na mwiko kujaza nafasi kati ya tofali la mwisho na mikunjo ya bati, mkunjo baada ya mkunjo, akishindilia chokoleo kwa ncha ya mwiko na kumulika kwa tochi upande wa pili kama kuna mwanga unaopenya.